Njia ya Sauti Baina ya Kinanda na Kompyuta

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu jambo ambalo haliandikwi juu ya jalada la wimbo wala halitajwi na mtangazaji anapoutambulisha, ilhali ndilo liamualo, mara nyingi kuliko koo la mwimbaji na kuliko bei ya ala, kama wimbo huo utasikika bayana au utazama katika mvumo wake wenyewe. Nalo ni njia ambayo sauti hupita kutoka katika kinanda cha umeme hadi katika programu ya kurekodi iliyomo ndani ya kompyuta, pamoja na mahali katika njia hiyo ambapo sauti huvishwa mapambo yake, yale ambayo vijana wa studio huyaita efekti. Dai langu, nalitoa mapema ili kila mtu apate nafasi ya kulipinga, ni kwamba studio zetu za miji midogo hazidhuriki kwa uhaba wa vyombo kama wenyewe wanavyolalamika, bali kwa ghasia ya njia, na kwamba kinanda cha bei ya wastani kilichoungwa kwa taratibu hushinda kinanda cha kifahari ambacho mwenyewe hajui sauti yake imetokea wapi na imerudi kwa mlango gani.

Mji wa Runyenjes, ambao ndio ninaoukusudia nisemapo miji midogo, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Chuka na Meru, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, ambako juu kuna chai, chini yake kuna kahawa, na kadiri unavyoteremka upande wa Mbeere ndivyo ardhi inavyokauka na muguka unavyotamalaki. Studio katika miji ya namna hii aghalabu ni chumba kimoja nyuma ya duka: kompyuta moja, kinanda kimoja, maikrofoni moja, spika mbili, na ukutani blanketi au trei za mayai zilizobandikwa kwa matumaini makubwa kuliko faida yake. Wateja wake ni kwaya za makanisa, waimbaji wa Injili, vijana wa kufokafoka, na kazi ikikamilika hupelekwa kwenye redio za lugha za wenyeji, kama Wimwaro FM kwa Kiembu na Muuga FM kwa Kimeru, na kwenye mtandao wa YouTube ambako jamaa walio ughaibuni huisikiliza. Tusiudharau muujiza huo. Siti binti Saad wa Unguja, alipotakiwa kutia sauti yake katika santuri mwaka 1928, ilimbidi avuke bahari hadi Bombay. Na miongo mingi baadaye mwimbaji wa milimani bado alipaswa kufunga safari ya Nairobi, akapange foleni katika vichochoro vya River Road, akiwa na nauli ya kwenda na shaka juu ya nauli ya kurudi. Leo anakwenda kwa miguu, anarekodi, na jioni anakama ng'ombe wake.

Sasa, ili tupate kuelewa ghasia niliyoitaja imetoka wapi, yafaa tukumbuke kwamba vinanda havikuzaliwa vikiwa na mapambo ndani yake. Yamaha DX7, kinanda kilichotoka mwaka 1983 na kuenea dunia nzima, hakikuwa na mwangwi wowote tumboni. Aliyetaka mwangwi alinunua mashine nyingine na kuiweka kando. Roland D-50 ya mwaka 1987 ndiyo iliyokuja na mwangwi na korasi vikiwa vimejengwa humo humo, mwaka uliofuata Korg wakaleta M1 nayo ikiwa na mapambo yake, na tangu hapo mashindano hayakusimama, hata Korg Kronos ya mwaka 2011 ikawa yaweza kuendesha efekti kumi na sita kwa wakati mmoja: kumi na mbili zilizochomekwa katika njia ya sauti moja moja, mbili za jumla zinazopokea matawi kutoka kila sauti, na mbili za mwisho kabisa mlangoni pa kutokea. Watengenezaji hawakufanya hivyo kwa hisani tu. Mnunuzi huingia dukani, hubonyeza kwa vidole vitatu, husikia ukumbi mzima wa kanisa kuu ukimwitikia, na moyo wake huteketea hapo hapo. Yale mapambo yalipangwa yamvutie mtu anayepiga peke yake, hayakupangwa yakae pamoja na sauti nne za kwaya, gitaa la besi na ngoma. Kwa hiyo kinanda hufika studio kikiwa tayari kimevaa nguo za harusi, na fundi naye, ambaye programu yake ina mapambo mengine mia, hukivisha kanzu juu ya kanzu.

Tuitazame njia yenyewe. Ya kwanza, ambayo wengi huidhania kuwa ni njia ya sauti na kumbe si hivyo, ni ile ya MIDI. Mwezi wa Januari 1983, katika maonyesho ya ala huko Anaheim, California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa na Jupiter-6 cha Roland, vinanda vya makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana sokoni, na kimoja kikapigwa kikaliza kingine; na kwa kazi hiyo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Ujapani walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Lakini MIDI haibebi sauti hata chembe. Hubeba amri: ufunguo fulani umebonyezwa, kwa nguvu ya kadiri fulani baina ya 0 na 127, katika chaneli fulani miongoni mwa kumi na sita, kisha umeachiliwa. Kupitia kebo yake ya asili amri hizo hukimbia kwa mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde, yaani noti moja huchukua takriban milisekunde moja kupita, mwendo ambao kwa vipimo vya leo ni wa konokono na bado unatosha. Ndiyo maana mpigaji wa kinanda, ambaye amechomeka waya wa USB, akaona katika kioo cha kompyuta vijistari vya rangi vikijipanga anapocheza, akaondoka kwa furaha na faili lake kwenda studio nyingine ya Embu au Nairobi, hushangaa kukuta humo hakuna piano wala zeze ila kimya, au mbaya zaidi, piano ya ajabu asiyoijua: alichukua amri, sauti akaiacha Runyenjes ndani ya kinanda.

Njia ya pili ni ya kebo za kawaida za jeki, mbili, kulia na kushoto, kutoka mgongoni mwa kinanda hadi katika kile kisanduku cha kuingizia sauti kilichounganishwa na kompyuta. Hii ni njia ya haki, na sikubaliani na wanaoibeza, lakini ina gharama mbili. Kwanza, kinanda cha siku hizi sauti yake huzaliwa ikiwa tarakimu. Kwa hiyo ikitoka kwa kebo hizo hugeuzwa kuwa mkondo wa umeme, na ikiingia katika kisanduku hugeuzwa tena kuwa tarakimu, tafsiri mbili kwa safari ya hatua mbili. Pili, na hili ndilo linalotesa zaidi katika vyumba vyetu, ni ule mvumo. Kinanda kina chaja yake, kompyuta ina yake, kisanduku kinakula umeme wa kompyuta, spika ziko katika soketi nyingine, na ardhi ya hiki na ya kile zikikutana kupitia kebo ya sauti hufanya duara ambalo umeme wa nyumba huzunguka ndani yake. Na kwa kuwa umeme wetu wa Kenya hutikisika mara hamsini kwa sekunde, mvumo unaoingia katika wimbo ni wa hezi 50, jirani kabisa wa ile G ya chini kuliko zote katika piano, ambayo ni hezi 49. Besi ya wimbo ikicheza katika ufunguo wa G, mvumo huo huikaribia na kuipotosha, na fundi asiyejua huanza kumlaumu mpiga besi. Ukichomoa chaja ya kompyuta na mvumo ukanyamaza, basi ugonjwa umeujua.

Njia ya tatu ni ya USB inayobeba sauti yenyewe ikiwa tarakimu, bila ya kutafsiriwa. Si kila tundu la USB hufanya hivyo, na vinanda vingi vilivyomo makanisani hupitisha MIDI peke yake katika tundu hilo. Lakini vingine, hata vya bei nafuu kama PSR-E463 ya Yamaha, hupeleka sauti ya stirio ya sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, sawasawa na kipimo cha sidii, na vile vya daraja la juu, kama Yamaha Montage ya mwaka 2016, hupeleka chaneli 32 kwa mpigo mmoja na kupokea sita kutoka kwa kompyuta. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Badala ya piano, zeze, ngoma na besi kufika zote zimekorogwa katika stirio moja ambayo ni vigumu kuitenganisha vizuri, kila moja huingia katika treki yake. Mwenye kinanda kidogo cha chaneli mbili naye hajanyimwa. Ataandika kwanza MIDI ya wimbo mzima, kisha ataichezesha mara kwa mara, kila mara akiacha ala moja tu isikike na kuirekodi peke yake. Humchukua mchana mzima. Lakini mchana wa Runyenjes ni wa bei nafuu kuliko Montage.

Ila tarakimu nazo zina ukali wake. Vyombo viwili vya tarakimu vinapozungumza ni sharti vikubaliane saa, yaani ni nani anayehesabu sampuli na mwingine anamfuata. Vikikosa kukubaliana husikika vijilipuko vidogo vya tik, tik, ambavyo havina mpangilio na kwa hiyo hudhaniwa ni waya mbovu. Na Kronos, kwa mfano, hutoa sauti yake ya tarakimu kwa kipimo cha 48,000 tu. Faili la kipimo hicho likisomwa na programu iliyodhani ni 44,100, bila kugeuzwa, wimbo wa dakika nne hurefuka hadi dakika nne na sekunde ishirini na moja, na sauti zote hushuka kwa karibu noti nusu moja na nusu ya nusu hiyo, hata soprano ya kwaya huwa kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Dawa yake ni ya dakika moja: kabla ya kubonyeza cho chote, kipimo cha mradi katika programu kilinganishwe na kipimo cha kinanda.

Na sasa tufike kwenye duara, ambalo ndilo chimbuko la malalamiko mengi kuliko yote. Mpigaji hubonyeza ufunguo. Kinanda chenyewe hutoa sauti moja kwa moja. Wakati huo huo amri ya MIDI huenda katika kompyuta, nayo programu, kwa kuwa treki imewekwa isikilize, huirudisha amri ile ile kwa kinanda, na kinanda hulia mara ya pili. Noti zinakuwa maradufu, uwezo wa kinanda kushika noti nyingi kwa pamoja unapungua nusu, na sauti inakuwa nyembamba yenye kukwaruza. Kwa ajili hiyo watengenezaji waliweka katika kinanda kitufe cha kutenganisha vidole na tumbo, ambacho katika menyu huitwa Local Control: kikizimwa, funguo hutoa amri tu, na sauti hulia pale programu inapoamuru. Duara la sauti ni baya zaidi ya la amri. Kinanda kinachopeleka sauti kwa USB, na kupokea sauti ya wimbo kutoka kwa kompyuta ili mpigaji aisikie katika hedifoni zake, chaweza kuichukua hiyo sauti iliyorudi na kuipeleka tena katika kompyuta pamoja na mpya. Wakulima wa miteremko hii, ambao huyashusha maji kwa mifereji kutoka mitoni hadi mashambani, wasingechimba kamwe mfereji unaorudisha maji juu ya mlango wake. Lakini fundi wa sauti hulichimba duara hilo bila kujua, na mara sauti hujaa, hupanda, hulia mluzi, na mtu aliyevaa hedifoni huruka kitini. Katika PSR-E463 niliyoitaja mna mpangilio uitwao Audio Loop Back. Uzimwe wakati wa kurekodi, na usikilizaji ufanywe kwa mlango mmoja tu, ama wa kinanda ama wa programu, wala si yote miwili.

Mtu atauliza: kwa nini asisikilize yote miwili, maadamu hakuna mluzi? Kwa sababu ya ajizi ya kompyuta. Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja. Hukusanya fungu, liitwalo bafa, kisha hulitia efekti na kulitoa. Bafa ya sampuli 256 kwa kipimo cha 44,100 ni karibu milisekunde 6, ambazo sikio husamehe. Bafa ya 1,024 ni milisekunde 23 kwenda peke yake, na kurudi nako kuna zake. Milisekunde 23 ni muda ambao sauti huchukua kusafiri karibu mita nane hewani. Mpigaji aliyesikia kidole chake kikilia papo hapo, na nakala yake ikifuata kutoka umbali huo, hupoteza mwendo, na asipoupoteza sauti mbili zile hulana baadhi ya mawimbi na kuacha piano iliyo kama tupu. Katika kompyuta za Windows ipo programu ndogo iitwayo ASIO, iliyotolewa na kampuni ya Steinberg ya Hamburg mwaka 1997, ambayo hufupisha safari hiyo kwa kuiepusha sauti na mizunguko ya ndani ya mashine. Asiyeitumia na akalalamika kwamba kinanda chake kinachelewa hana wa kumlaumu. Bafa iwe ndogo wakati wa kurekodi, na ikuzwe wakati wa kuchanganya, ambapo hakuna anayepiga na mapambo ni mengi.

Nimeyaweka mapambo mwisho kwa kusudi, kwa kuwa na katika kazi yenyewe naamini yawekwe mwisho. Sauti ya kinanda ikirekodiwa na mwangwi wake, mwangwi huo ni vigumu kuutoa tena. Ikirekodiwa kavu, mwangwi waweza kutiwa leo, kupunguzwa kesho, na kuondolewa mwaka kesho kutwa. Tena mwangwi wa jumla, ule unaoipa kwaya chumba cha kusimama, usichomekwe katika kila treki mbali mbali, bali uwekwe mahali pamoja katika programu, na kila treki ipeleke tawi lake dogo huko. Ndipo piano, ngoma na waimbaji watasikika wakiwa katika ukumbi mmoja, wala si kila mmoja katika pango lake. Kwetu sisi jambo hili lina uzito ambao vitabu vya mafundi wa Ulaya havikuuwazia. Kiembu na Kimeru ni lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti ya silabi ni sehemu ya maana. Mwangwi mrefu uliotandazwa juu ya maneno huifunika silabi inayofuata kwa mkia wa iliyotangulia, na bibi kizee aliye mbele ya redio husikia jambo asiloambiwa. (Sitasema mengi kuhusu Auto-Tune, iliyoingia ulimwenguni mwaka 1997, ambayo hunyoosha kila koo katika noti za piano bila kujali kwamba koo hilo lilipinda kwa sababu ya lugha.) Na ngoma za Chuka, ng'ambo ya mto Thuchi, zile ndefu ambazo mpigaji huzibana baina ya mapaja, uzuri wake uko katika pigo la kwanza la kiganja, kali na fupi; zizamishe katika mwangwi wa kanisa kuu, na utabaki na ngurumo isiyo na mpigaji.

Hata hivyo nisieleweke kuwa nawaamuru watu wavue sauti zao nguo zote. Yapo mapambo ambayo si pambo bali ni mwili wa sauti: ogani ya umeme bila ya ile spika yake izungukayo si ogani, na zeze za vinanda vingine, ukiziondolea korasi, hubaki kamba za plastiki. Hizo zirekodiwe kama zilivyo. Kipimo changu ni hiki: efekti ikimfanya mpigaji abadilishe anavyocheza, basi ni sehemu ya ala, nayo irekodiwe pamoja na ala; ikiwa inaongeza tu ukubwa wa chumba, ingoje. Wapo mafundi wanaoona hiki ni kipimo cha mtu asiyelipa kodi ya chumba, kwa kuwa mteja hutaka kuusikia wimbo wake umekamilika jioni ile ile, na sauti kavu humtia hofu kwamba ameibiwa. Hoja yao ina nguvu. Jibu lake ni kumsikilizisha mwimbaji wimbo wenye mwangwi katika hedifoni huku programu ikiandika sauti kavu, jambo ambalo programu nyingi za kurekodi za leo hulifanya bila kuongezewa shilingi.

Limebaki la wale wanaolipa. Umeme hukatika, kompyuta huibiwa, studio huhama kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na kwaya ikirudi baada ya miaka mitano kutaka wimbo wake uchanganywe upya, au kutaka piano tu kwa ajili ya harusi, hujibiwa kwamba faili halipo. Kwa hiyo mwenye kwaya, kabla hajamaliza salio la malipo, adai mambo matatu katika flashi yake: wimbo uliokamilika, treki kavu za kila ala na kila sauti zikianza zote kutoka sekunde ya sifuri ili programu yoyote izipange, na faili la MIDI pamoja na karatasi yenye jina la kinanda, namba ya kila sauti iliyotumika, na kipimo cha sampuli cha mradi.